Jibu la Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa mipangilio. Mtu wa nje akisikia hivyo atadhani nimepewa kupanga viti vya harusi.

Kazi ya ofisi yetu ni kiunzi, yaani programu ya msingi ambayo mafundi wengine hujengea tovuti zao juu yake. Shule, maduka, zahanati, wote wamekaa juu yetu na wengi hawajui kwamba tupo. Kila tovuti ikiwashwa, kitu cha kwanza inachofanya ni kujiuliza maswali: hifadhidata iko wapi, ujumbe upitie wapi, hapa ni kazini kweli au tunajaribu tu? Majibu ya maswali hayo ndiyo mipangilio. Katika kiunzi chetu majibu hutafutwa mahali saba, na anayesema mwisho ndiye anayeaminiwa. Nina miaka miwili hapa na sijamsikia mtu akizitaja sehemu zote saba bila kukosea, isipokuwa Kobe, aliyezitengeneza.

Kobe alikianzisha kiunzi peke yake, miaka kumi na minne iliyopita. Jina tumempa kwa sababu ukimuuliza jambo asubuhi, jibu linafika baada ya chakula cha mchana. Analijua na halimuudhi. Ndiye aliyenifundisha kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mtu mwingine bila kumdharau. Leo alikuja mezani kwangu, akasimama muda wake wa kawaida, kisha akasema, "Binti, ile takataka ni yangu. Fagia."

Nitafagia mpaka pembeni.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Dari inavuja juu ya printa. Mama Mapacha, ambaye kazi yake ni kujaribu kila tunachokiandika kabla hakijatoka, ameweka ndoo chini akasema kama ndoo hii ingekuwa ya Kobe ingekuwa na matundu saba na tungeambiwa tuliamini la mwisho. Kobe alicheka saa sita.

Jumatano, 12 Machi

Nimeorodhesha sehemu zote saba. Ya saba ni faili linalojificha katika folda ya mtumiaji aliyeisimika programu siku ya kwanza. Kobe aliliweka miaka ile kumsaidia rafiki yake kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Mpango wangu ni huu. Mahali pawe pamoja tu badala ya saba: faili moja, mlangoni, kila mtu analiona. Na kila swali liwe na jibu lililoandikwa na mtu. Likikosekana hata moja, programu isiwake. Isimame pale pale na kusema inachokosa.

Nimemweleza Shangazi nikiwa namsaidia kuchambua mchele. Shangazi ni dada yake baba, amenilea tangu nina miaka tisa. Ni karani wa mapokezi katika zahanati ya wagonjwa wa presha na sukari, miaka thelathini na moja katika dirisha lile lile. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: kwa hiyo mashine ikiwa haijui kitu inanyamaza na kubahatisha? Nikamwambia ndiyo, ya sasa ndivyo. Akasema kuna madaktari wa namna hiyo pia.

Mfumo wao wa zahanati umejengwa juu ya kiunzi chetu. Kila asubuhi saa mbili Shangazi anabonyeza kitufe, na wagonjwa wa kesho wanapata ujumbe wa kuwakumbusha kuja kupimwa na kuchukua dawa. Siku nilipomwambia kwamba chini ya kitufe kile kuna kazi yangu alisema, "Kumbe ni wewe unayenichelewesha."

Jumatano, 19 Machi

Tumebishana siku nzima. Hapana, mimi nilibishana, Kobe alikaa.

Hoja yake: tovuti zipo maelfu, zimesimikwa na watu ambao wengine wameshaacha kazi. Ukiondoa sehemu sita na kuamuru programu isiwake ikikosa jibu, siku ya kusasisha nusu ya tovuti zitalala chini. Watu watatuchukia. Anasema afadhali sehemu zote saba ziendelee kusomwa, tovuti ziwake, na pale ambapo jibu limekosekana tuweke jibu la akiba, kisha tuandike onyo katika kumbukumbu za seva, lile daftari ambamo kompyuta kuu hujiandikia kila inachofanya.

Nikamuuliza nani husoma kumbukumbu za seva. Akafikiri. Akasema, "Mimi nilikuwa nasoma."

Nilitoka na hasira hadi ngazini. Nilimwona Kobe ni mtu aliyechoka, anayeogopa kuchukiwa, anayeita uoga wake huruma kwa watumiaji.

Alhamisi, 20 Machi

Tumeelewana. Sehemu moja tu ya majibu: hiyo nimeshinda mimi. Jibu la akiba na onyo badala ya kukataa kuwaka: hiyo ameshinda yeye. Mama Mapacha alituandalia chai kama watu waliotoka barazani kusuluhishwa. Kobe aliuliza ni nani atakayechagua majibu ya akiba. Nikasema mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Wiki nzima ya majibu ya akiba. Yako mia moja na arobaini na mawili. Nimekaa na kila moja kana kwamba namchagulia mtoto wa watu jina.

Lililonichukua muda ni hili: hapa ni kazini au ni majaribio? Kama mtu hakusema, tuamini nini? Nimechagua majaribio. Katika majaribio, programu hujifanya inatuma ujumbe lakini haitumi, na haiandiki chochote katika rejista ya ujumbe uliotumwa. Mtu asiposema, basi tusije tukawatumia watu wa kweli ujumbe wa uongo. Jibu salama. Niliandika sababu yangu juu ya mstari ule kwa maneno mazuri, na jina langu likakaa pembeni, kama jina la mwandishi linavyokaa siku zote pembeni ya kila mstari, pamoja na tarehe.

Kobe aliusoma. Akasema, "Umefikiri vizuri."

Nimetembea nyumbani bila mwavuli na sikuona mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Tuliwaandikia watumiaji kuuliza nani bado anatumia lile faili la saba. Wamejibu kumi na wanne. Mama Mapacha anasema wengine wako hai, hawapendi tu barua.

Jumatatu, 7 Aprili

Toleo limetoka. Keki kutoka duka la chini. Watu nisiowajua wananiandikia kwamba sasa wanaelewa mipangilio kwa mara ya kwanza. Mmoja amesema nimemwokolea ndoa. Kobe ameniambia, mbele ya Mama Mapacha, kwamba mwezi wa sita anataka kuachia usukani, na kwamba hamwoni wa kuushika ila mimi.

Nimewahi kuwa na furaha ya namna hii? Naogopa kuiandika isije ikasikia.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Shangazi anasema dirisha limepoa, wagonjwa hawaji. Matope, anasema.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Shangazi anasema daktari msimamizi naye analalamika kwamba watu wanachezea afya zao kwa kuogopa kulowa. Jana walikuja wanne badala ya ishirini. Amepata nafasi ya kufuma. Nitapata sweta nikitaka nisitake.

Jumanne, 29 Aprili

Leo Shangazi amerudi saa tano asubuhi. Nilikuwa nyumbani kwa mafua.

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha kuwekea mifuko, bila kuvua viatu. Nilimuuliza mara tatu ndipo akasimulia.

Kuna seremala mzee, mgonjwa wake wa miaka mingi, aliyewatengenezea benchi la mapokezi. Tarehe kumi na moja ilikuwa siku yake ya kuchukua dawa ya presha. Hakuja. Ni mtu wa kusahau, anategemea simu imkumbushe. Dawa zikaisha, naye akajiona hana tatizo. Jumamosi alianguka bafuni. Yu hai, lakini mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haushiki kitu. Mkono wa seremala. Binti yake alikuja leo asubuhi na simu ya baba yake, akaisukuma dirishani akamwambia Shangazi amwonyeshe huo ujumbe ulipo.

Daktari msimamizi akafungua rejista ya kompyuta. Tangu tarehe tisa Aprili hakuna ujumbe hata mmoja. Wiki tatu, tupu.

Shangazi akasema amebonyeza kila siku. Saa mbili. Na kila siku limetokea neno la kijani, Imetumwa. Daktari akamwambia kompyuta haina sababu ya kusema uongo.

Amesimamishwa. Kikao ni Ijumaa ya tarehe kumi na sita.

"Thelathini na moja," aliniambia. "Sijawahi kuitwa mwongo hata na mlevi."

Nilimfungua kamba za viatu kwa sababu sikujua la kufanya. Nilimwambia lazima kuna maelezo.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda kazini na homa. Nina wazo moja na sitaki kuliandika.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwandikia fundi anayehudumia kompyuta za zahanati, nikajitambulisha kama mtu wa kiunzi, nikaomba kumbukumbu za seva yao. Hajajibu. Mvua imevunja mtaro wa nyuma ya jengo.

Jumatatu, 5 Mei

Fundi amejibu leo saa nne. Anasema alisasisha kiunzi tarehe nane jioni, hakusoma maelezo ya toleo kwa kuwa "huwa hayana jipya." Ameambatanisha kumbukumbu.

Nililiona kabla faili halijamaliza kufunguka. *Onyo: hali ya programu haikutajwa. Inatumika: majaribio.* Chini yake tena. Na tena. Nilihesabu kwa amri moja: mara elfu kumi na moja, mia mbili na sita. Programu imekuwa ikisema kwa wiki nne, kila dakika chache, ndani ya chumba kisicho na mtu.

Naandika yote kama yalivyo ili nisije nikayapunguza baadaye.

Jibu "kazini" la zahanati ile lilikuwa limeandikwa katika lile faili la saba. Mimi niliamuru faili la saba lisisomwe tena. Basi programu ikawaka bila jibu, na ilipotafuta ikakuta jibu la akiba nililolichagua mimi. Ikaingia majaribio. Shangazi akabonyeza, ikajifanya inatuma, ikamwonyesha neno la kijani, haikutuma, haikuandika.

Kama tungefuata mpango wa Kobe mzima, faili la saba lingesomwa na seremala angepata ujumbe wake. Kama tungefuata mpango wangu mzima, programu ingekataa kuwaka jioni ile ile, fundi angetukana, angeandika mstari mmoja, na seremala angepata ujumbe wake. Tuliitana wenye busara, tukachukua nusu huku na nusu kule, tukanywa chai.

Nilimpelekea Kobe. Alisoma. Nikamwambia karani aliyesimamishwa ni shangazi yangu. Akaisogeza ndoo ya maji chini ya tone.

"Pole," alisema. "Kikao ni lini?"

"Tarehe kumi na sita."

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Umoja wa hospitali unataka kujenga mifumo yake yote juu ya kiunzi chetu. Wanaamua tarehe ishirini. Tukitangaza leo kwamba zahanati imekaa wiki tatu bila kutuma ujumbe kwa sababu yetu, wataondoka, na haki watakuwa nayo. Anataka tumwambie fundi aandike mstari unaokosekana, tutoe marekebisho madogo, na baada ya tarehe ishirini yeye mwenyewe ataandika barua ndefu kwa kila mtu, na zahanati ikiwa ya kwanza. Karani wa miaka thelathini hafukuzwi kwa kitufe, alisema. Watamwonya, kisha barua yetu itamsafisha.

Nikamuuliza barua ikija siku nne baada ya kikao ina maana gani kwa Shangazi.

"Lile jibu la akiba lina jina lako," alisema. Hakulisema kama tishio. Alilisema taratibu, kama mtu anayekumbusha mwenzake kwamba amesahau mwavuli. "Nataka uanze kuongoza mahali hapa ukiwa safi."

Nilirudi mezani kwangu. Nikamwandikia fundi mstari wa kuongeza. Akashukuru kwa alama ya dole gumba. Yeye naye hana haja ya kuulizwa kwa nini hakusoma maelezo.

Kuanzia kesho saa mbili ujumbe utakwenda. Kitufe, ambacho tangu Shangazi asimamishwe hakuna aliyekigusa, atakibonyeza mtu mwingine.

Jumanne, 6 Mei

Sikumwambia.

Jumatano, 7 Mei

Sikumwambia. Mama Mapacha ameona marekebisho katika orodha, akauliza ni ya nini. Nikasema madogo. Alinitazama akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite," akarudi kwenye kazi yake. Sijui anajua kiasi gani. Mistari ya majibu ya akiba aliijaribu yeye pia na yote ilifaulu, kwa sababu tulijaribu kwamba onyo linaandikwa. Hatukujaribu kama kuna mtu atakayelisoma.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi hana kazi ya kufanya asubuhi na bado anaamka saa kumi na moja. Anapiga pasi sare. Anaikunja. Mchana anaikunjua kuona kama imekunjika.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimefanya kitu ambacho sitakifuta hata nikichana ukurasa.

Shangazi alikwenda jana kupimwa macho. Hakuniambia, nimeona karatasi juu ya meza. Macho yake ni mazima kwa umri wake. Leo baada ya chakula alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, kama wanavyokaa wagonjwa wake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida.

"Wewe ni mtu wa kompyuta. Inawezekana mtu akaona neno ambalo halipo? Siku moja baada ya nyingine?"

Nilielewa kwamba ameshaacha kuwabishia. Sasa anabishana na kichwa chake mwenyewe. Mama yake alipotewa na akili akiwa na umri karibu na huu wake, alikuwa akiona kuku jikoni.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ilikuwa sentensi moja. Nilifikiri siku tisa tu, nilifikiri tarehe ishirini, nilifikiri barua itakayoeleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi, na katikati ya fikira hizo zote nzuri nilijisikia nikisema:

"Ni uchovu, Shangazi. Usihangaike."

Akaitikia kwa kichwa. Akashukuru.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikuwa nikidhani uoga ni kitu cha Kobe.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Kobe kwamba nataka barua kabla ya kikao. Amesema ataifikiria. Mchana amesema hapana. Amesema anajua ninavyojisikia, na ndiyo maana ameamua yeye badala yangu. Nilitaka sana kumchukia kwa moyo wote. Nilikumbuka jinsi nilivyomwangalia mwezi wa tatu, mtu mzima anayeogopa kuchukiwa. Mwezi wa tatu nilikuwa sijawahi kuwa na kitu cha kupoteza.

Alhamisi, 15 Mei

Shangazi amefanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo cha sebuleni. Sentensi yake ya kwanza inaanza, "Kama nimekosea, nimekosea bila kujua." Anaijaribu kwa sauti mbalimbali.

Nimechapisha kumbukumbu za seva na ukurasa wenye jina langu. Ziko ndani ya begi.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao kilikuwa katika chumba cha stoo ya dawa, maana ndicho kikubwa. Daktari msimamizi, bibi wa utumishi, na mzee mmoja wa kamati aliyevaa koti lililolowa. Shangazi alishangaa kuniona mlangoni. Alidhani nimekuja kumshika mkono. Akanisogezea kiti.

Nilisimama kabla hajaanza sentensi yake. Sikutaka kuisikia mara nyingine.

Nikaeleza. Sikueleza vizuri, nilisema "thamani" na "hali" na nikaona macho yao yakitoka dirishani, nikarudi mwanzo. Nikasema mashine yenu ilikuwa katika mchezo wa majaribio. Ilimwonyesha neno la kijani na haikutuma kitu. Alibonyeza kila siku, na macho yake hayakumdanganya. Nikaweka karatasi mezani.

Bibi wa utumishi aliuliza mimi ni nani.

"Niliyeandika."

Mzee wa koti akauliza kama nina undugu na karani. Nikasema ni shangazi yangu, amenilea. Daktari akaegemea nyuma, na nikaona jinsi alivyonisoma: mtoto amekuja na makaratasi yasiyosomeka kumwokoa mama yake. Alisema hivyo hivyo, kwa adabu. Wakamwita fundi. Alifika akiwa na bisibisi mkononi. Aliangalia karatasi, aliangalia viatu vyake, na kwa muda nilikuwa na hakika kwamba atasema hazijui. Kisha akasema ni kweli. Alisasisha yeye. Mstari ulikosekana. Ameuongeza wiki iliyopita, baada ya kuelekezwa.

"Wiki iliyopita?" aliuliza daktari. "Uliyajua haya wiki iliyopita?"

Fundi akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Shangazi alikuwa wa mwisho kugeuka.

Wamemrudishia kazi kuanzia Jumatatu. Daktari msimamizi alisimama akamwomba radhi, akampa mkono, na Shangazi akaupokea kwa heshima yote. Bibi wa utumishi ameandika kwamba zahanati itaiandikia ofisi yetu. Mzee wa koti aliuliza seremala ataambiwa nini. Bibi wa utumishi alifunga kalamu yake. Mimi nilikusanya karatasi zangu.

Tulitoka. Katika korido kuna lile benchi alilolitengeneza seremala, na watu walikuwa wamelijaa, wengi, wamebanana. Ujumbe unafika. Shangazi alisimama mbele yao na mkoba wake kifuani.

"Tangu lini?"

"Tarehe tano."

Nilitegemea ahesabu siku. Hakuhesabu.

"Jumapili ile nilikuuliza kama nimeanza kuwa kama mama yangu," alisema. "Nilikuuliza wewe, sikumuuliza mwingine. Ukaniambia ni uchovu."

Nikasema nisamehe, Shangazi. Alisema nisimame wima, watu wanaangalia. Alikwenda nyumbani kwa miguu na mimi nikabaki nyuma yake hatua kumi, mvua ikitupiga sote wawili, mwavuli wake na wangu.

Jumatatu, 19 Mei

Kobe ameshajua. Barua ya zahanati imefika Jumamosi. Nilikaa mbele yake nikisubiri kelele, nilizihitaji.

"Barua yangu nilikuwa niitume baada ya tarehe ishirini," alisema.

"Najua."

Na ni kweli ninajua. Rasimu aliyonifungulia ilikuwa katika mashine yake tangu tarehe sita, kurasa tatu, imenyooka, haimlaumu mtu isipokuwa yeye. Mstari wa majibu ya akiba ameuita uamuzi wake. Jina langu hakulitaja popote. Nilitaka awe mbaya kuliko mimi. Ni mtu anayechelewa tu. Mimi sikuwa na rasimu.

Tumeituma leo, kwa watumiaji wote na kwa umoja wa hospitali. Niliongeza aya moja yenye jina langu. Aliisoma na hakuifuta.

Jumatano, 21 Mei

Umoja wa hospitali wameahirisha. Mama Mapacha anasema kuahirisha ni kukataa kwa watu waliosoma.

Zimepatikana tovuti nyingine sita zilizokuwa zikijifanya zinatuma. Shule moja ilikuwa inashangaa kwa nini wazazi hawaji mikutanoni. Walisingizia mvua.

Jumapili, 25 Mei

Shangazi ananisalimu, anaitikia, ananiwekea chakula. Hana kisirani. Akipika anafunika sahani yangu vizuri. Zamani alikuwa akiniuliza mambo: hili neno maana yake nini, huyu daktari anasema kweli, simu hii mbona inazimika. Sasa simu yake ikizimika anampelekea mtoto wa jirani.

Nilikwenda kwa seremala. Binti yake alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Mzee alikuwa amekaa uani chini ya bati, mkono wa kulia juu ya mto. Nilimwambia mimi ni nani. Aliongea kwa shida, binti akatafsiri: anauliza kama mashine ile imetengenezwa. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Jumatano, 28 Mei

Kobe amekubali. Programu ikikosa jibu, isiwake. Majibu ya akiba yote mia moja na arobaini na mawili nimeyafuta kwa mkono, moja moja, ingawa amri moja ingetosha. Usukani sijaambiwa tena habari zake, nami sikuuliza.

Jumatatu, 2 Juni

Toleo limetoka. Hakuna keki. Hadi saa nane mchana tumeshapata barua sitini za matusi. Tovuti zao hazitaki kuwaka. Mama Mapacha anazisoma kwa sauti na kuzipa alama.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imekatika. Ndoo bado iko pale, kavu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuiondoa.

Jumatatu, 9 Juni

Saa mbili na dakika tano simu yangu ililia mezani. Shangazi. Hajawahi kunipigia kazini tangu siku ile.

Alizungumza kwa sauti yake ya dirishani. Fundi alisasisha Ijumaa akaondoka likizo bila kujaribu kuiwasha, na leo programu imekataa kuwaka. Daktari yuko nyuma yake anaangalia saa. Kwenye kioo cha kompyuta kuna maandishi mekundu. Nilimwomba anisomee.

Akasoma polepole, kila neno: "Haitawaka mpaka iambiwe taarifa za makosa zipelekwe kwa nani."

Nikamwelekeza afungue faili gani, aende mstari upi. Nilimsikia akibonyeza kwa kidole kimoja. Akauliza aandike nini.

"Andika anwani yangu."

"Yako?"

"Yangu, Shangazi."

Akaandika. Nilimtajia herufi moja moja na yeye akazirudia. Kisha tukasubiri pamoja, kila mmoja upande wake wa simu, nikisikia benchi likilia chini ya watu.

"Imewaka," alisema.

Sikukata. Na yeye hakukata mara moja.

"Angalau hii imesema mapema," akasema, na nikamsikia akiita mgonjwa wa kwanza.